Siku Redio Ilipomstaafisha Klara

Klara Tawete alistaafishwa siku ya Jumatano, saa saba na robo mchana, kwa njia ya redio, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Wakati huo alikuwa amesimama mbele ya karai lake pale soko la samaki la Feri, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko wa matundu, akiwageuza vibua wa bwana mmoja wa benki aliyekuwa na njaa kuliko adabu. Majirani walimwona akifanya kazi. Lakini redio ilisema ameacha, na ukweli ni kwamba wapo watu katika nchi hii ambao ukiwaambia wachague kati ya macho yao na redio, watakuomba uwape redio.

Huyu Klara alikuja Dar es Salaam kutoka Songea mwaka themanini na moja, bibi harusi wa miaka kumi na tisa, akimfuata mumewe Eliasi aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo cha serikali. Walipanga chumba Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, wakamzaa Beno, wakapanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni na foleni ya unga kama kila mtu. Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu ambavyo watu walikuwa wameshasahau majina yake, na viwandani wakaanza kupunguza wafanyakazi. Eliasi alipunguzwa mwaka tisini na mbili. Alikaa kitandani wiki tatu akitazama dari, halafu akasema mjini hapakaliki, anarudi Songea kulima, atakuwa anatuma mahindi. Mahindi yalikuja mara mbili.

Klara akabaki na mtoto wa miaka kumi, kodi ya chumba, na karai aliloazima kwa jirani. Akashuka nalo Feri. Mwanzoni hakuwa na uwezo wa kununua samaki mnadani, akawa ananunua vichwa tu, vile ambavyo wenye mahoteli hukata na kutupa. Alivikaanga mpaka vikatafunika na mifupa yake, akawauzia wapagazi na wafanyakazi wa pantoni. Watu walimcheka kwamba yule mama wa Kingoni anauza macho ya samaki. Wacha wacheke. Mdharau mwiba mguu huota tende. Baada ya miaka miwili alikuwa ananunua vibua kwa ndoo, na baada ya miaka mitatu alikuwa anasimama mnadani, anapandisha bei kwa kidole, na mnadi anajua kwamba kidole kile hakina mzaha.

Akanunua kiwanja Kigamboni, wakati ambapo watu wa mjini walikuwa wakisema huko ni porini. Akajenga kidogo kidogo, leo tofali kumi, mwezi ujao mfuko wa saruji, mwaka mwingine hakuna kitu kwa sababu Beno ana ada ya sekondari. Mwaka tisini na tisa akahamia, vyumba vitatu na baraza, bati juu, na tangu hapo akawa anavuka kwa pantoni kila alfajiri kuja kazini. Hakuwahi kumsimulia mtu nyumba ile imemgharimu nini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Sasa tumfikie Beno. Mama alipohamia ng'ambo, kijana alibaki kwenye chumba kile kile cha Mtaa wa Sikukuu, akakibatiza jina la geto, akaweka vitanda viwili na vijana wanne. Mchana aliuza makava ya simu barabarani Kariakoo. Jioni alichana mistari ya bongo fleva. Alikuwa na miaka ishirini, sauti nzito, na shairi kichwani masaa yote, na hata wasiopenda muziki ule walikubali kwamba mtoto anajua. Mwaka elfu mbili na mbili akarekodi wimbo wake wa kwanza, msambazaji mmoja wa kaseti aitwaye Mzee Bhupendra akauchukua, na kituo kimoja kati ya vile vipya vya redio kikaupenda. Ukapigwa Jumatano ile mchana, ukapigwa tena jioni, na mwisho wa wiki Kariakoo nzima ilikuwa inauimba.

*Maza weka chini karai, na moto zima,*
*mwanao nimetoka, sasa ni neema,*
*nimekujengea mjengo, geti la chuma,*
*ndinga mbili nje, dereva anakungoja nyuma.*
*Moshi wa Feri kwaheri, jiko umeshaacha,*
*unalala kwenye kiyoyozi mpaka kunakucha.*

Mistari mizuri, hakuna ubishi. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hapakuwa na ndinga, wala geti, wala dereva, na nyumba iliyokuwepo haikujengwa na Beno hata tofali moja.

Klara aliposikia habari za wimbo, alisikia kwa kupongezwa. Wateja walimwambia hongera. Wengine walimuuliza, kwa ile sauti ya kuchokonoa, mama wa bosi bado unanukia kuni? Yeye akacheka, akadhani ni utani wa vijana, akaendelea kukaanga. Hakujua kwamba utani umeshafika kwenye makaratasi.

Siku zile soko la zamani lilikuwa linavunjwa na wakaangaji wanahamishiwa kwenye banda jipya lenye sakafu ya saruji, maji ya bomba na dohani. Majiko yalikuwa sitini. Wakaangaji walikuwa tisini na mmoja. Kamati yao wenyewe ndiyo iliyopewa kazi ya kuchuja majina, na asiyepata jiko ndani ya banda hangekuwa na pa kukaangia tena, maana nje askari wa jiji walikuwa wanapiga makarai mateke. Jumatatu asubuhi orodha ilibandikwa ukutani. Klara alijitafuta, akajiona katika nafasi ya kumi na nne, amekatwa kwa rula na wino mwekundu. Pembeni kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana: *Ameacha kazi (Redio).*

Alisoma mara tatu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kamati, ambako walikaa mwenyekiti, Bi Sabaha, mkaangaji wa pweza aliyemtangulia Klara umri na miaka ya Feri, na katibu, bwana mmoja aitwaye Polycarp, mwenye miwani na kalamu nne mfukoni.

"Shikamoo, dada Sabaha."

"Marahaba, Klara mdogo wangu."

"Bwana Polycarp, mimi niko hapa. Nimesimama mbele yako. Nanuka mafuta."

"Nakuona, Mama Beno," alisema Polycarp.

"Basi umenifutaje?"

Polycarp alivua miwani akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na wakati mwingine hiyo ni hatari zaidi.

"Mama Beno, nilikuwa karani wa stoo miaka kumi na minane. Siku moja taarifa ya habari ikasema shirika letu limevunjwa. Asubuhi nikaenda kazini nikakuta kufuli na askari. Nikamwambia yule askari, mimi sijapata barua. Akaniuliza, kwani huna redio?"

"Ile ilikuwa taarifa ya habari. Huu ni muziki."

"Redio ni redio," alisema Polycarp.

Klara akamgeukia Sabaha. Sabaha aliinamisha kichwa kidogo kabla ya kusema.

"Ingekuwa hiari yangu ningekuandika sasa hivi. Lakini kuna wanawake wengine thelathini wanaokosa, na wote wanauimba huo wimbo. Nikikurudisha watasema nimempa jiko tajiri nikamnyima mwenye shida. Mwanao ndiye aliyesema, tena hewani. Redio imesema, redio itengue. Jumamosi saa sita tunafunga orodha."

Ukimsikiliza Sabaha vizuri, hakuwa amekosea. Na kwa wale waliokulia kwenye redio moja, ile iliyotangaza nani kateuliwa, nani kahamishwa na nani kafariki, jambo likishasemwa na redio lilikuwa limekwisha. Klara mwenyewe alikuwa wa kizazi hicho. Alipoondoka pale mezani alijihisi kweli kafukuzwa kazi, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Alimwachia jirani karai, akapandisha Kariakoo kwa miguu na aproni yake kiunoni. Alimkuta Beno geto na wenzake. Vijana wote walisimama wakamwamkia shikamoo maza, wakatafuta ghafla sababu za kwenda dukani. Klara akakaa kitandani.

"Nipigie huo wimbo."

Beno akaweka kaseti, akasimama pembeni akitabasamu, akisubiri sifa. Klara alisikiliza mpaka mwisho, hakutikisa hata kidole.

"Sauti unayo," alisema. "Nyumba ya nani hiyo?"

"Ni mistari tu, maza. Wote tunachana hivyo. Huwezi kupanda jukwaani ukasema unauza makava ya simu. Nani atakusikiliza?"

"Nimekuuliza nyumba ya nani."

"Yako."

"Nani kajenga?"

Beno akaangalia miguu yake. "Wewe. Lakini niliandika vile ninavyotaka iwe. Nataka siku moja nikutoe pale Feri. Naona vibaya, maza, kukuona pale kwenye moshi."

Hapo Klara alipandwa na hasira ambayo hakuwa ameipanga. "Vibaya kwa nani? Umeichukua nyumba yangu, Beno, ukaniachia uvivu. Nimekaanga miaka kumi, leo dunia nzima inajua nalala mpaka kumekucha na wewe ndiye uliyenijengea. Na jiko langu limeenda."

Akamsimulia habari za orodha, neno kwa neno. Beno alikuwa hajui. Uso ulimbadilika. Alikaa sakafuni, kijana mzima, akashika kichwa.

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa Mzee Bhupendra. Duka lake lilikuwa nyuma ya soko, jembamba na refu, kaseti kutoka sakafuni hadi darini. Baba yake aliuza khanga humo humo, yeye akahamia kwenye vipuri vya baiskeli, halafu kwenye kaseti, na alipoona upepo umegeukia kwa vijana wanaochana, akageuka nao. Klara hakuingia. Alijua familia ile ya Kihindu haili samaki, na nguo zake zilikuwa na harufu ya miaka kumi, kwa hiyo akasimama kizingitini. Mke wa Bhupendra, Rekha, aliyekuwa kwenye kaunta akikunja makaratasi ya majina ya nyimbo, akaliona hilo, akamletea kiti mwenyewe.

"Ingia, Mama Beno. Harufu haijaua mtu."

Beno akaeleza shida. Akaomba arekodi wimbo mwingine, wa kuusahihisha ule, apeleke redioni kabla ya Jumamosi. Bhupendra alitikisa kichwa tangu sentensi ya kwanza.

"Nisikilizeni. Mimi nimeuza kaseti miaka tisa. Watu wananunua ndoto. Mtu ametoka kazini amechoka, anataka kusikia gari, nyumba, geti. Nani atatoa pesa yake asikie samaki? Halafu kijana anajiita mwongo? Ataniharibia kaseti zote nilizotoa."

"Na jiko langu, mzee?" aliuliza Klara.

"Pole sana, Mama Beno. Lakini biashara ni biashara."

Rekha hakuinua macho kwenye makaratasi yake. "Mwaka themanini na tatu," alisema, "duka hili lilikuwa na nini?"

"Rekha, huo si wakati wake."

"Lilikuwa na mafagio na viberiti. Wewe ulikuwa unakaa hapo unasoma gazeti la wiki iliyopita. Watoto walikula nini?"

Bhupendra alikohoa. Klara na Beno wakaangalia kaseti, kama watu walioingia chumbani kwa mtu bila hodi.

"Bajia," alisema Bhupendra.

"Za nani?"

"Zako."

"Zangu. Natoka alfajiri, naziuza kwenye ofisi za Mtaa wa Samora, narudi kupika za jioni. Na wageni wakija unawaambia nini? Kwamba duka lilinusurika kwa akili yako ya biashara. Miaka ishirini nasikia hadithi hiyo nikiwa nawaletea chai." Akamgeukia Klara. "Hebu niambie, hiyo nyumba uliijengaje?"

Na Klara, ambaye hakuwahi kumsimulia mtu, akamsimulia Rekha. Alisema msingi ule ni vichwa vya tasi, miaka miwili ya vichwa. Alisema mabati ni ishirini na nne na kila moja analijua kwa samaki wake. Mlango wa mbele ni ngisi wa masika ambayo mvua ilimwagika wiki tatu, wakaangaji wenzake wakabaki nyumbani, yeye akasimama na mwavuli juu ya karai. Alisema siku ya kuezeka alikaa ndani peke yake akisikiliza mvua inapiga juu, akacheka kwa sauti kama mwendawazimu. Rekha alikuwa ameacha kukunja makaratasi. Na Beno, aliyekuwa kasimama mlangoni, mguu wake ulikuwa umeanza kupiga sakafu taratibu, pa, pa-pa, pa.

"Nipe kalamu, mama," alimwambia Rekha.

Akaandika nyuma ya karatasi la kaseti, kaegemea ukuta. Alipomaliza akawasomea kwa sauti ya chini, akiwa na aibu kidogo. Bhupendra akaomba arudie. Aliporudia, mzee akasema sawa, saa mbili za studio, si zaidi, na kama hauuziki basi lawama ni za Rekha.

"Nitazibeba," alisema Rekha.

Studio ilikuwa ghorofani mitaa miwili kutoka pale, chumba kilichobandikwa trei za mayai kutani, na fundi wake alikuwa Jaimin, mpwa wa Bhupendra. Beno alitaka sauti ya mama yake isikike mwanzo wa wimbo. Hapo ndipo shida ilipoanza. Klara, mwanamke ambaye sauti yake ilivuka maji ya Magogoni mpaka Kigamboni bila nauli, aliposogezewa maiki alibadilika akawa msomaji wa somo la kwanza kanisani. "Mimi naitwa Klara Tawete," alisema, taratibu, na mikono kaikunja kifuani. Jaimin akarudia. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi. Dakika arobaini zikapita, Klara akatokwa na jasho, akasema tuache, mimi si wa mambo haya.

Beno akavua vidude vya masikioni, akaingia chumbani, akasimama mbele yake mikono mfukoni kama wale wateja wa saa saba mchana.

"We mama, tasi bei gani?"

Klara alimtazama juu mpaka chini. "Tasi yupi? Wa leo au wa kukudanganya?"

"Mbona ghali hivyo?"

"Ghali ni njaa, baba. Hawa wa moto, wametoka majini mnadi bado ana usingizi. Mfupa unatafunika, asiye na meno pia karibu. Sogea, sogea, wewe wa miwani, usimzibie mwenzio. Vibua wa moto, vibua wa moto."

Jaimin alikuwa ameshabonyeza kitufe tangu neno la kwanza. Akauweka mdundo chini ya sauti ile, na ikaonekana kwamba haukuhitaji kusogezwa hata kidogo, maana Klara alikuwa akiita wateja kwa mdundo miaka yote bila kujua. Kisha Beno akaingia.

*Msingi ni vichwa vya tasi, waulize walionunua,*
*mabati ishirini na nne, kila moja kwa vibua,*
*mlango wa mbele ni ngisi, masika yale ya mvua,*
*mimi niko darasani, moshi mama anaupumua.*
*Sikumjengea mama, mama kanijenga mimi,*
*moshi uliomliza machozi ndio ulionipa ulimi.*

Ijumaa saa saba mchana mtangazaji alimkaribisha Beno kwenye kipindi. Pale Feri, Sabaha aliazima redio ya mchoma mihogo akaiweka juu ya meza ya kamati, na kwa kuwa asiyekuwepo na lake halipo, wakaangaji wote isipokuwa mmoja walijazana kuizunguka, waliopata na waliokosa. Klara hakwenda. Alibaki kwenye karai lake hatua ishirini kutoka hapo, akisema samaki wa watu wataungua.

Wimbo ulipigwa. Sauti yake ilipotoka redioni ikiwaita wateja, watu wawili waligeuka wakamtazama yeye, wakaitazama redio, wakamtazama tena yeye. Ulipokwisha, mtangazaji akacheka.

"Beno, mbona unatuchanganya? Ule wa kwanza ulisema maza kaacha, una ndinga mbili."

"Sina ndinga," sauti ya Beno ilisema. "Sina hata baiskeli. Nauza makava ya simu, Kariakoo, mshikaji yeyote anayepita pale ananijua. Nyumba kajenga maza mwenyewe, na hajaacha kazi. Kama kuna mtu kamfuta mahali kwa ajili ya mistari yangu, namwomba amrudishe, kwa sababu aliyesema uongo ni mimi."

Ilimgharimu kusema vile. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na miaka ishirini na umaarufu kidogo anajua ilimgharimu.

Pale mezani Sabaha alimtazama Polycarp. Polycarp alivaa miwani, akatoa kalamu ya bluu, akaweka rula, na chini ya yale maneno mekundu akaandika kwa mwandiko ule ule mzuri: *Amerudi kazini (Redio).* Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwenye karai la Klara kumpa taarifa, kwa sababu safari hii alitaka mtu apewe habari yake mkononi.

Klara alilia. Alisema ni moshi, na kwa haki yote aliyokuwa nayo ya kusema hivyo, hakuna aliyembishia. Alifurahi mpaka akamkaangia Polycarp kolekole mzima, akamwambia ale, utaratibu hauliwi.

Furaha ile ilikuwa na mwiba wake, tusidanganyane. Jina lake liliporudi, jina la sitini lilidondoka, nalo lilikuwa la Clotilda, mama wa Masasi mwenye watoto wanne. Klara alimtafuta jioni ile ile. Akamwambia jiko namba kumi na nne lina pande mbili, yeye hukaangia upande mmoja tu, basi kesho aje na karai lake. Wale thelathini wengine hawakupata wa kuwaambia hivyo, na hadithi hii haiwezi kuwapa majiko ambayo hayakujengwa.

Na Bhupendra, aliyeuza ndoto miaka tisa, akapata somo lake. Wimbo wa samaki uliuzika. Uliuzika kuliko ule wa ndinga, kwa sababu kila aliyeununua alikuwa na mama wa vitumbua, au shangazi wa mkaa, au bibi wa pombe, aliyemsomesha na hakuwahi kutajwa. Vijana waliununua, wakawapelekea mama zao. Kaseti zikaisha, zikatolewa nyingine, zikaisha tena. Bhupendra aliwaambia wageni kwamba aliona mbali, kisha akakumbuka mke wake yuko kwenye kaunta, akaongeza kwamba Rekha aliona mbali zaidi. Beno akaacha makava ya simu. Wale vijana wanne wa geto wakawa kundi lake, na kwa mara ya kwanza kodi ya chumba kile ililipwa kabla mwenye nyumba hajagonga.

Idi Pili kukawa na onyesho la mchana katika ukumbi mmoja Kariakoo. Ukumbi ulijaa mpaka vijana wakapanda madirishani. Beno alimtaka mama yake aje, na Klara alikuja, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, akakalishwa kiti cha mbele pamoja na Sabaha na Rekha. Beno alipofika kwenye wimbo wenyewe hakuchana. Alielekeza maiki kwa watu. Na vijana elfu moja, wengi wao hawajawahi hata kufika Feri, wakapaza sauti kwa mpigo mmoja, vibua wa moto, vibua wa moto, sogea, sogea, asiye na meno pia karibu.

Klara aliziba mdomo kwa mkono. Maneno yale alianza kuyatunga peke yake, mwaka tisini na mbili, mbele ya sinia la vichwa ambavyo hakuna aliyevitaka. Sabaha alimsukuma kwa kiwiko ainuke. Akapandishwa jukwaani, ukumbi ukapiga kelele mpaka paa likatikisika, na yeye akasimama pale amenyooka, hana haya wala hofu, mwanamke aliyejijua.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa, alimshika mkono. "Mama, mwanao ametoka sasa, si maneno tena, pesa ipo. Waambie hawa watu, utapumzika lini?"

Beno alimtazama, na ilionekana wazi usoni mwake kwamba naye alitaka kujua. Klara aliichukua maiki, akaileta karibu na mdomo kama Jaimin alivyomfundisha.

"Mume aliniambia mjini hapakaliki, nikakaa," alisema. "Redio ikaniambia nimeacha kazi, nikakaanga. Siku nitakayochoka nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Msimsikilize mtu mwingine. Hata huyu."

Akamwonyesha Beno kwa kidole, kile kidole cha mnadani. Beno alicheka akitokwa machozi, watu wakarusha kofia juu. Klara alisubiri watulie. Kisha, kwa kuwa maiki ilikuwa bado mkononi mwake na watu elfu moja walikuwa kimya wakimsikiliza, akawatajia bei ya vibua wa kesho.